Ruta imegoma baada ya kubadilishiwa fimwea: dalili, chanzo na namna ya kuifufua

Fimwea ni ile programu inayokaa ndani ya ruta na kuiendesha. Watu huibadilisha kwa sababu za msingi: kiwanda kimeacha kuitolea ruta masasisho ya usalama, au nyumba ina watu wengi na anayepakua filamu anawakwamisha wenzake walio kwenye simu ya video, au mtu anataka kuchomeka modemu ya 4G kwenye ruta ambayo haikupewa uwezo huo. OpenWrt, mradi wa fimwea ulioanza mwaka 2004 kutokana na msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G, ndiyo nitakayoizungumzia zaidi. DD-WRT na FreshTomato, fimwea nyingine za aina hiyo, nitazigusa pale zinapohusika.

Kabla hujaitupa ruta yako, jua hili: nyingi zinazopelekwa kwa fundi kwa jina la "imekufa" bado ni nzima. Ndani yake kuna programu ndogo iitwayo butiloda, inayoamka kabla ya kitu kingine chochote, na kuflashi, yaani kuandika fimwea mpya, kwa kawaida hakuigusi. Maadamu butiloda ipo, kuifufua ruta kunahitaji waya, anwani sahihi na faili sahihi. Zile zinazokufa kabisa mara nyingi zilipata faili la pili na la tatu juu ya lile la kwanza, bila mtu kujiuliza la kwanza lilikwama kwa nini. Kwa hiyo fuata dalili yako hapa chini, na ndani ya kila dalili anza na sababu ya kwanza. Nimezipanga kuanzia inayotokea sana.

## Kwanza geuza ruta usome kibandiko

Hili si la kuruka, hata kama una uhakika na ruta yako. Jina la mbele halitoshi. Chukua TP-Link TL-WR841N, ruta ya bei nafuu iliyoenea sana. Toleo la 9 lina chipu ya Qualcomm Atheros, hifadhi ya MB 4 na RAM ya MB 32. Toleo la 13 lina chipu ya MediaTek, hifadhi ya MB 8 na RAM ya MB 64. Toleo la 14 likarudi kwenye MB 4 na MB 32, na chipu bado ni MediaTek. Sanduku linafanana, jina lilelile, ila ndani ni mashine tofauti, na faili la moja haliwezi kuendesha nyingine. Toleo limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibandiko cha chini, baada ya neno "Ver". Kibandiko kikiwa kimechanika, ingia kwenye ukurasa wa fimwea ya kiwandani. Toleo la mashine huonekana kwenye ukurasa wa hali.

Ukishajua toleo, tafuta mashine yako kwenye orodha ya vifaa ya OpenWrt. Zenye MB 4 na MB 32 ziliishia kwenye OpenWrt 19.07, matoleo yaliyofuata hayatoshei. Zenye MB 8 na MB 64 zinabanwa vilevile, nami simshauri mtu anunue mojawapo leo kwa kazi hii. Ukinunua, tafuta yenye hifadhi ya MB 16 au zaidi na RAM ya MB 128 au zaidi.

Kuna aina mbili ambazo usihangaike nazo. Ya kwanza ni ruta yenye Wi-Fi ya Broadcom: OpenWrt haina draiva nzuri za chipu hizo, na kwa hizo DD-WRT au FreshTomato ndizo za kujaribu. Ya pili ni kisanduku cha faiba ulichopewa na mtoa huduma. Hicho kwa kawaida si mali yako, na sehemu inayozungumza na faiba inategemea programu ya kiwandani. Kiache kilivyo, chomeka ruta yako mwenyewe nyuma yake.

## Dalili: ruta inakataa faili

Unabonyeza kitufe cha kusasisha, mstari unaanza kusogea, kisha linatokea kosa. Kwenye TP-Link nyingi ni "Error code: 18005". Ukiona hivyo tulia, maana ruta imelikagua faili na kulikataa kabla ya kufuta chochote. Bado iko salama kabisa.

Sababu ya kwanza ni faili la toleo jingine la mashine. Rudi kwenye kibandiko.

Ya pili ni aina ya faili. OpenWrt hutoa mafaili mawili kwa mashine nyingi: lenye neno "factory" kwenye jina ni la kuingizia OpenWrt kwa mara ya kwanza ukiwa kwenye fimwea ya kiwandani, na lenye neno "sysupgrade" ni la kusasishia ruta ambayo tayari ina OpenWrt. Yakibadilishana, ruta itakataa.

Ya tatu ni urefu wa jina la faili. Fimwea za zamani za TP-Link hushindwa na majina marefu, na majina ya OpenWrt ni marefu kweli. Libadili liwe fupi, kwa mfano `ruta.bin`, ujaribu tena. Ni jambo dogo, ila limewaondolea wengi kosa hilo la 18005.

Ya nne ni faili lililoharibika njiani, hasa ukipakua kwa bando la simu linalokatikakatika. Linganisha alama ya SHA256 iliyo kwenye ukurasa wa upakuaji na ya faili lako. Kwenye Windows andika `certutil -hashfile ruta.bin SHA256`, kwenye Linux andika `sha256sum ruta.bin`. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya.

Ya tano ni kufuli ya eneo. Mwaka 2016 TP-Link ilianza kufunga ruta za soko la Marekani zisipokee fimwea nyingine. Agosti ya mwaka huohuo ilifikia makubaliano na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, ikalipa dola 200,000 kwa kosa la ruta zilizorusha mawimbi kwa nguvu kupita kiwango, na ikakubali kushughulikia njia ya kuruhusu fimwea za nje. Ukiwa na ruta ya mtumba kutoka huko na mengine yote yako sawa, tumia njia ya TFTP, ya kuipelekea ruta faili kwa waya inapowashwa, nitakayoieleza chini. Mara nyingi haikaguliwi kwa ukali uleule.

Ikiwa tayari una OpenWrt na unaambiwa mipangilio haiendani na faili jipya, hasa ukitoka 19.07 kwenda 21.02 au zaidi, sababu ni kwamba mpangilio wa matundu ya waya ulibadilishwa kwenye mashine nyingi. Andika pembeni mipangilio yako, sasisha bila kuhifadhi cha zamani, kisha panga upya kwa mkono. Usilazimishe.

## Dalili: imekubali, lakini Wi-Fi imepotea

Hii ndiyo inayowatisha watu kuliko zote, na karibu kila mara ruta haina tatizo. Kwenye mashine nyingi OpenWrt huja Wi-Fi ikiwa imezimwa kwa makusudi, ili ruta isirushe mtandao usio na nywila. Ukitafuta jina la mtandao kwenye simu hutalipata hata usubiri hadi asubuhi.

Chukua waya wa mtandao, chomeka upande mmoja kwenye kompyuta na mwingine kwenye tundu la LAN, la vifaa vya nyumbani. Si lile la WAN, la kuingizia intaneti, ambalo mara nyingi lina rangi tofauti. Zima Wi-Fi ya kompyuta, kwa sababu ikibaki kwenye mtandao mwingine kivinjari kitapitia huko. Fungua `http://192.168.1.1`. Jina ni `root`, na nafasi ya nywila iache wazi. Weka nywila mara moja, ndipo uende kuwasha Wi-Fi.

Ukurasa usipofunguka, angalia kompyuta imepata anwani gani. Ikianza na 192.168.1 mambo ni mazuri, jaribu kivinjari kingine au dirisha la faragha. Ikianza na 169.254 haijapewa anwani: subiri dakika tano, kwa sababu mara ya kwanza ruta huchukua muda kutayarisha hifadhi yake, kisha chomoa waya uchomeke tena. Ikiwa bado, jipe mwenyewe anwani 192.168.1.2 na maski 255.255.255.0.

Kama anwani ipo, ruta inajibu, lakini ukurasa haupo kabisa, huenda ulipakua toleo la majaribio. Matoleo hayo huja bila LuCI, yaani kurasa za mipangilio. Unaweza kuingia kwa SSH, yaani kuiamuru ruta kwa maandishi kutoka kwenye kompyuta, ukaiweka, ila kwa nyumbani ni heri urudi kwenye toleo rasmi.

Kwa wanaotumia SSH, yapo mambo mawili yanayosumbua. Ukiambiwa utambulisho wa mashine umebadilika, ni kwa sababu ruta imepata funguo mpya. Andika `ssh-keygen -R 192.168.1.1` uendelee. Na `scp` ikilalamika kuhusu sftp-server, ongeza `-O`: `scp -O faili root@192.168.1.1:/tmp/`.

## Dalili: ninaingia kwenye ruta, Wi-Fi ipo, intaneti hakuna

Sababu namba moja ni kugongana kwa anwani. Ruta yako ya OpenWrt inajiita 192.168.1.1. Kisanduku cha mtoa huduma kilicho mbele yake nacho mara nyingi kinajiita 192.168.1.1. Pakiti ikitoka kwenye simu, ruta haiwezi kujua mtandao huo uko upande gani, na kila kitu kinasimama. Chomoa waya wa WAN, ingia kwenye ruta, badili anwani ya LAN iwe 192.168.5.1, hifadhi, subiri, kisha ingia tena kwa anwani mpya. Rudisha waya wa WAN. Zingatia: ukibadili anwani LuCI husubiri uingie kwa anwani mpya, na usipoingia kwa muda mfupi hurudisha ya zamani. Ikirudi, chagua kulazimisha mabadiliko.

Sababu ya pili ni aina ya muunganisho. OpenWrt hudhani WAN inapewa anwani moja kwa moja. Mtoa huduma wako akitumia PPPoE unahitaji jina na nywila za akaunti, ambazo pengine fundi aliyefunga huduma aliziingiza bila kukuonyesha. Wengine huhitaji namba ya VLAN, na wengine huifunga huduma kwenye anwani ya MAC (namba ya utambulisho) ya kifaa cha kwanza. Hayo hayabahatishwi. Wapigie uwaulize, na kama ni MAC, nakili ya kifaa cha zamani uiweke kwenye WAN.

Ya tatu ni DNS. Kwenye SSH andika `ping 8.8.8.8`. Ikijibu, lakini `ping openwrt.org` haijibu, njia ipo ila majina hayatafsiriwi. Weka DNS mwenyewe kwenye mipangilio ya WAN. Hili huwapata pia walioifanya ruta iwe kituo cha Wi-Fi tu na wakasahau kuipa lango na DNS.

Kwa modemu ya 4G ya USB mambo ni mengi kidogo. Huawei E3372 ya aina ya HiLink hujifanya kadi ya mtandao yenye anwani yake ya 192.168.8.1, na ruta inahitaji `kmod-usb-net-cdc-ether` kuitambua. Modemu nyingine kwanza hujionyesha kama diski ya programu, na hazigeuki kuwa modemu hadi uweke `usb-modeswitch`. Hapa kuna mtego: unahitaji intaneti ili kupakua paketi zitakazokupa intaneti. Pakua mafaili hayo kwenye kompyuta mapema, ya toleo lilelile la OpenWrt na chipu ileile, uyapeleke kwenye ruta kwa `scp`. Kisha tengeneza kiolesura cha DHCP (kinachopewa anwani moja kwa moja) kwenye `eth1` au `usb0`, kwa kadiri modemu ilivyojitaja kwenye ujumbe wa amri ya `dmesg`, na ukiingize kwenye kundi la WAN la ukuta wa ulinzi. Watu wengi huishia hatua moja kabla ya hii ya mwisho: ruta yenyewe ina intaneti, simu hazina.

Kabla ya yote hayo, chomeka modemu kwenye kompyuta uhakikishe laini ina bando na APN ni sahihi.

## Dalili: Wi-Fi ya 5 GHz haionekani

Karibu kila mara ni nchi au chaneli. Chagua nchi uliyopo kwenye mipangilio ya redio, kwa mfano TZ, KE au UG, kisha uweke chaneli kati ya 36 na 48. Chaneli za 52 hadi 144 zinashirikiana na rada, hivyo ruta hulazimika kusikiliza kwa angalau sekunde 60 kabla ya kurusha, na ikisikia rada inahama. Usidanganye nchi ili kupata nguvu zaidi, kwani masafa hayo yanatumiwa na rada za hali ya hewa.

Kama mtandao unaonekana lakini simu ya zamani au printa inakataliwa, badili usimbaji kutoka WPA3 kwenda WPA2.

## Dalili: kasi imeshuka

Pima kwanza kwa waya. Kwa waya kukiwa sawa na Wi-Fi ikiwa dhaifu, angalia kama usimbaji umewekwa TKIP au WMM imezimwa: lolote kati ya hayo huirudisha Wi-Fi kwenye ukomo wa Mb/s 54. Weka WPA2 yenye AES, washa WMM.

Ikiwa hata kwa waya kasi ni ndogo, chanzo kwa kawaida ni prosesa. Fimwea ya kiwandani hutumia njia ya mkato ndani ya chipu ambayo OpenWrt haina kwa mashine zote. Kwenye ukurasa wa Firewall washa "Software flow offloading". Wenye chipu ya MT7621 wawashe na ile ya "Hardware". Ila ukitumia SQM, paketi ya kugawa kasi kati ya watumiaji, usiwashe hizo, maana pakiti zitapita pembeni ya SQM na haitafanya kazi yake. Inabidi uchague. Kwa nyumba yenye Mb/s 10 au 20 na watu sita, mimi nachagua SQM bila kusita: chagua mbinu iitwayo cake, jaza asilimia 85 hadi 95 ya kasi halisi uliyopima, na simu za video zitaacha kukatika hata mtu akipakua. Kwa kasi kubwa kwenye ruta ndogo, SQM yenyewe itaishinda prosesa.

## Dalili: inajizima na kujiwasha

Angalia adapta kabla ya kuilaumu fimwea. Nyumba nyingi zina adapta nne au tano zenye kichwa kinachofanana, na zinabadilishana kila umeme unapokatika na vitu kuchomolewa. Ruta nyingi ndogo za TP-Link hutaka 9V na 0.6A, baadhi ya zenye USB hutaka 12V. Soma kilichoandikwa chini ya ruta, kisha kilichoandikwa kwenye adapta. Volti lazima zilingane. Ampea za adapta ziwe sawa au zaidi.

Kama inajiwasha upya pale tu modemu ya 4G inapoanza kuvuta data, modemu inakula umeme kuliko tundu la USB linavyoweza kutoa. Tumia habu ya USB yenye adapta yake.

Zaidi ya hapo, tazama kumbukumbu iliyobaki kwa amri ya `free` na ujumbe wa mfumo kwa `logread`. Ruta yenye RAM ya MB 64 iliyobebeshwa kizuia matangazo na VPN kwa pamoja itaishiwa kumbukumbu na kuua programu zake yenyewe.

## Dalili: paketi hazikubali kuwekwa

Angalia saa kwa `date`. Ruta hizi hazina betri ya saa; ikiamka na tarehe ya zamani, vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa na upakuaji unashindwa. Saa hujirekebisha intaneti ikipatikana.

Kisha angalia nafasi ya hifadhi kwa `df -h`. Nafasi ikiwa imejaa, usitegemee kuifungua kwa kufuta paketi zilizokuja na fimwea. Hizo ziko kwenye sehemu isiyoandikika na kuzifuta hakurudishi hata KB moja. Na usizisasishe zote kwa pamoja kwa `opkg upgrade`. Amri hiyo imezizamisha ruta nyingi zilizokuwa nzima, kwa kujaza hifadhi au kuacha paketi zisizopatana. Unapotaka kusasisha, weka fimwea mpya nzima. Matoleo mapya yameanza kutumia `apk` badala ya `opkg`, kwa hiyo amri ya mwongozo wa zamani inaweza isitambulike.

## Dalili: taa zinapepesa tu, haifunguki kwa njia yoyote

Hapa ndipo pa kwenda taratibu. Tafuta kwanza umeme usioyumba: UPS, au kompyuta yenye betri iliyojaa na ruta kwenye chanzo cha akiba. Umeme ukikatika wakati ruta inaandika hifadhi, tatizo dogo linakuwa kubwa.

Jaribio la kwanza ni hali salama ya OpenWrt. Jipe anwani 192.168.1.2 kwa waya. Washa ruta na utazame taa ya mfumo. Itakapoanza kupepesa, bonyeza kitufe cha kuriseti mara kadhaa. Ikianza kupepesa haraka sana, umeingia. Andika `ssh root@192.168.1.1`, kisha `mount_root`, `firstboot -y`, na `reboot -f`. Hii inafuta mipangilio yote na kuacha fimwea ikiwa mpya. Kama kosa lilikuwa ni mpangilio mbaya, kwa mfano ulijifungia nje kwa ukuta wa ulinzi, imekwisha.

Hali salama ikikataa, fimwea yenyewe imeharibika, na sasa tunazungumza na butiloda. Kila kampuni ina njia yake. Netgear nyingi hufufuliwa kwa programu ya `nmrpflash`. Linksys kama WRT1900AC zina fimwea mbili ndani, na kuzizima mara tatu wakati zinaamka huzirudisha kwenye ile ya zamani. GL.iNet hukupa ukurasa wa kuokoa kwenye 192.168.1.1 ukiwasha huku umeshikilia kitufe cha kuriseti. TP-Link nyingi hutumia TFTP, nayo ndiyo inayohitaji maelezo.

Ukiwa na TL-WR841N ya toleo la 9, ruta ikiwashwa huku kitufe kimeshikiliwa hutafuta kompyuta yenye anwani 192.168.0.66 na kuiomba faili liitwalo `wr841nv9_tp_recovery.bin`. Baadhi ya mashine nyingine hutafuta 192.168.0.225, na jina la faili hubadilika. Ukurasa wa mashine yako kwenye OpenWrt utakuambia. Jipe anwani hiyo, weka faili kwenye folda ya programu ya tftpd64, zima ukuta wa ulinzi wa Windows kwa muda. Kisha washa ruta huku umeshikilia kitufe kwa sekunde kumi hivi.

Weka macho kwenye dirisha la kumbukumbu za tftpd64, kwa sababu ruta yenyewe inakuambia shida iko wapi. Ukiona ombi la kusoma faili na jina lake, butiloda iko hai. Jina linaloombwa likitofautiana na la faili lako, hata kwa herufi moja, badili la kwako lifanane. Ukiona ombi na uhamishaji umekamilika, usiguse kitu kwa dakika tano. Usipoona kitu chochote, mara nyingi ni kwa sababu Windows huchelewa kuamsha tundu la waya, na ruta huacha kuuliza kabla kompyuta haijawa tayari. Weka swichi ndogo kati ya kompyuta na ruta. Swichi huliacha tundu la kompyuta likiwa macho wakati wote. Hatua hiyo moja huokoa ruta nyingi zilizokatiwa tamaa.

Onyo kwa wanaorudisha fimwea ya kiwandani ya TP-Link: faili ambalo jina lake lina neno "boot" limebeba butiloda ndani yake, na likiwekwa kama lilivyo kutoka OpenWrt au kwa TFTP linaandikwa mahali pasipo pake. Likate kwanza: `dd if=asili.bin of=safi.bin skip=257 bs=512`. Lisilo na neno hilo liache lilivyo.

Na ule ushauri wa zamani wa DD-WRT wa kushikilia kitufe sekunde 30 mara tatu, huku ukichomoa umeme katikati, ulikuwa wa ruta za enzi zile. Kwenye ruta zenye prosesa ya ARM usiufanye.

## Hapa simama, mtafute fundi

Kama TFTP haionyeshi ombi lolote hata kwa swichi, hatua inayofuata ni kufungua ruta na kuunganisha waya za siriali, za kuzungumza na bodi moja kwa moja. Fanya hivyo ikiwa tu unajua unachokigusa. Siriali ya ruta ni 3.3V, kigeuzi cha 5V kinaweza kuunguza chipu, na waya wa umeme wa kigeuzi hauunganishwi kabisa, ni GND, TX na RX tu.

Kusoma na kuandika chipu ya hifadhi kwa CH341A, bodi ndogo ya kuandikia chipu, ni kazi ya fundi wa vifaa vya elektroniki. Baadhi ya bodi hizo nyeusi hupeleka 5V kwenye chipu ya 3.3V. Zaidi ya hayo, kwenye hifadhi kuna kipande kidogo kiitwacho ART, au "factory" kwenye MediaTek, chenye anwani ya MAC na vipimo vya redio vilivyowekwa kiwandani kwa ruta hiyo moja. Kikifutwa bila nakala, ruta itaamka lakini Wi-Fi yake haitakuwa sawa tena, na huwezi kuazima cha ruta nyingine kikafaa vizuri. Mwambie fundi asome chipu nzima na ahifadhi nakala kabla hajaandika chochote.

Simama pia ukisikia harufu ya kuungua, ukiona kapasita iliyovimba, au adapta ikiwa ya moto isiyoshikika. Chomoa. Adapta usiifungue, kwani ndani mna umeme wa 230V unaoweza kubaki hata baada ya kuichomoa.

Unapoipeleka, andika kwenye karatasi toleo la mashine, jina kamili la kila faili ulilojaribu kwa mpangilio, na taa zipi zinawaka sasa ukiiwasha. Ipeleke pamoja na adapta yake, maana fundi akitumia ya kwake ruta ikawaka vizuri, atakuwa amepata chanzo kabla ya kufungua skrubu hata moja.